Kikohozi cha Mlinzi

Kuku wanne walikwenda mwezi wa tano, jogoo akiwa wa tano.
Mwezi wa sita wezi wakarudi kuchukua hata beseni la maji.
Nikasema basi.
Nikavaa koti la kazini, lile la msitu wa Sao Hill,
nikaenda Kihesa, kwenye kituo cha mbwa waliotupwa,
nikamwambia Daktari Lusungu Kihwele:
Nipe mkali. Nipe mwenye meno.

Alinionyesha mweusi mmoja anatafuna waya.
Akanionyesha mwingine, pacha wake kwa hasira.
Banda la mwisho alilipita.
Niliuliza mwenyewe: na huyu?

"Huyo ana moyo mkubwa."
Nikacheka, nikadhani anamsifia.
"Mzee Chavala, moyo mkubwa ni ugonjwa.
Umevimba, unabana njia ya hewa, ndiyo maana anakohoa.
Figo zimechoka. Jicho la kushoto halioni.
Vidonge asubuhi na jioni, chumvi marufuku,
na hata hivyo sikuahidi Krismasi."

Jike. Rangi ya ugali wa dona uliolala.
Hakuinuka. Alipiga mkia kwenye saruji mara moja,
mara moja tu,
kama mtu anayegonga mlango alikowahi kufukuzwa.

Kwenye fomu kuna mstari: Sababu ya kumchukua.
Kalamu ilisimama hapo
muda mrefu kuliko ilivyosimama kwenye fomu ya mafao yangu.
Nikaandika: kulinda kuku.

Dereva wa bajaji alidai elfu moja zaidi kwa ajili ya mbwa.
Kufika Ipogolo alikuwa amesikia kile kikohozi mara sita.
Akanirudishia mia tano, hakusema kitu.

Mtani wangu Komba, Mngoni, alituona tunashuka:
"Mhehe! Mbona umechukua aliyekonda?
Utasubiri mpaka lini anenepe?"
Nilimjibu anavyostahili, hapa siandiki.
Jioni alileta utumbo uliochemshwa, bila chumvi,
akasema alikuwa anapita tu.
Nyumba yangu ni ya mwisho. Hakuna anayepita.

Nilimwita Hodi.

Julai ya Iringa haina utani na mifupa.
Alilala jikoni, karibu na jiko la mkaa,
juu ya blanketi la marehemu mke wangu, lile la mistari,
ambalo nilikuwa nimekataa kumpa hata binti yetu.
Vidonge vyake na vyangu vya presha
vilikaa kwenye kikombe kimoja cha bati.
Vyake ni vyeupe. Vyangu pia.
Asubuhi moja nilimeza chake. Hakuna aliyekufa.
Ila mchana kutwa nilikuwa nakwenda na kurudi chooni,
nikamwelewa.

Tangu hapo saa nane usiku tunatoka wote wawili,
yeye kwenye mparachichi, mimi nyuma ya banda,
ukungu umekaa mpaka kwenye magoti,
na hakuna anayemcheka mwenzake.

Wakaja tena, usiku wa baridi kuliko zote.
Nilisikia kiatu kwenye majani makavu ya mahindi.
Hodi hakubweka. Hana pumzi ya kubweka.
Akakohoa.
Nami, kwa vumbi la mbao la miaka thelathini, nikakohoa.
Akakohoa. Nikakohoa.
Sauti nje ya ua ikanong'ona:
"Twende zetu, humu wazee hawalali."

Komba ameieneza hadithi hiyo mpaka sokoni,
na kila akiieleza, wezi wanaongezeka.

Leo mijakaranda imemwaga maua barabarani
na Hodi hakugusa utumbo.
Daktari kasema tuongeze nusu kidonge.
Nilimuuliza kuhusu Krismasi,
akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa sikioni mwake.

Nimehamisha kitanda changu jikoni.
Usiku, kikohozi kikikaa kimya muda mrefu,
nanyoosha mkono gizani,
nagonga sakafu kwa kidole, mara moja.
Kisha nasubiri ule mkia.
Huwa anachelewa kidogo.